Sarafu ya Dubu Ilipotoka kwenye Plastiki Yake

Akina mama wenzangu, hasa mlio na mabinti wa kuoza, leo naandika kwa haraka. Kama yupo mmoja wenu ambaye sasa hivi ameshika mkasi mkono huu, na mkono ule ameshika pakiti ya sarafu ya mtu, namwomba aweke mkasi chini. Akae. Asome kwanza.

Kwa aliyechelewa kufuata kisa hiki cha kila wiki: naitwa Nedyalka, mama Ralitsa, wa hapa mjini Sevlievo. Binti yangu amechumbiwa na Plamen, kijana mpole asiye na neno na mtu. Baba yake Plamen ni Mkwe Gencho, mgane, mkusanya sarafu, na hapo ndipo mkosi wangu ulipoanzia.

Siku ya kwanza alipokuja kwetu nilikalia kofia yake. Siku ya pili nilimmwagia supu ya maharage mapajani. Siku ya tatu mbuzi wetu alitafuna mfuko wa koti lake pamoja na cheti cha sarafu kilichokuwemo. Akavunja posa palepale uani, mbuzi bado anatafuna.

Ralitsa alilia mpaka nikaanika mto wake juani kama mkeka. Mwishowe Mkwe akalegea. Akaja na boksi dogo jekundu.

"Mkwe," akaniambia, "kila bibi harusi wa ukoo wetu hupewa sarafu moja. Hii ya dubu ni ya Ralitsa. Kaa nayo mpaka mkesha wa Krismasi, nitakuja kuikagua. Nikiikuta salama, harusi baada ya sikukuu ya Epifania. Nikiikuta vingine, narudi nyumbani na mwanangu. Watu wasioweza kumtunza dubu asiyekula wala asiyekunywa, watamtunzaje Plamen wangu?"

Sarafu yenyewe ilikuwa fedha tupu, ndogo kama kifungo cha koti, na dubu amesimama kwa miguu ya nyuma. Ilikuwa ndani ya kimfuko laini cha plastiki kilichozibwa pande zote, vilevile ilivyotoka kiwandani.

Wiki iliyopita niliwaacha pale nilipofungua boksi asubuhi ya mkesha, nikakuta pua ya dubu imekuwa ya kijani.

Nikapiga yowe.

Mume wangu Krum akaja mbio, nusu ya uso ina sabuni ya kunyolea.

"Nani kafa?"

"Dubu!"

"Dubu gani?"

"Wa mkwe! Anaota ukungu puani!"

Krum akachungulia. "Labda ana mafua," akasema, akarudi zake kunyoa.

Basi nikafanya kosa ambalo nimelifanya maisha yangu yote. Nilimwita Zlatka.

Zlatka ni jirani yangu wa ng'ambo ya ua. Anajua kila kitu, na kile asichokijua anakijua zaidi. Alikuja na aproni yake, akakipeleka kimfuko dirishani, akakigeuza huku na huku.

"Shoga, ni plastiki hii. Hizi laini laini hutoka jasho. Mjomba wangu alikuwa na medali kwenye kitu kama hiki, ikaja kuwa kama chura. Mtoe apumue."

"Mkwe alisema nitunze. Hakusema nifungue."

"Ndiyo, alisema utunze! Sasa unamtunzaje mtu anayekosa hewa?"

Wasomaji, mimi niliishia darasa la saba. Swali la namna hiyo linanizidi kimo.

Nikachukua mkasi wa kucha. Nikakata pembeni taratibu, ulimi nje. Dubu akateleza kiganjani mwangu, na nikamshika kama mtu anavyoshika kidonge, kidole gumba katikati ya uso. Vidole vyenyewe vilikuwa vimetoka kwenye unga.

"Sasa tumpige mswaki," akasema Zlatka. "Dawa ya meno na soda, atang'aa kama mlango wa kanisa."

"Hapana!"

"Kidogo tu, puani."

"Zlatka, ukimgusa huyu dubu na mswaki naita polisi!"

Hapo Mungu alinisaidia. Ndipo pekee alipopata nafasi.

Nikatandika kitambaa cheupe kwenye rafu kando ya jiko, nikamlaza dubu apumzike. Kando yake, kwenye kitambaa kingine, kulikuwa na sarafu yetu ya kawaida, stotinki ya zamani niliyokwisha kuichemsha tayari kwa mkate wa mkesha. Ni ile ambayo kila mwaka tunaificha ndani ya mkate, na atakayeikuta kwenye kipande chake, bahati ya mwaka ni yake.

Simu ikalia ukumbini. Alikuwa Ralitsa, wako njiani na Plamen na baba yake.

"Mama, baba yake Plamen anauliza nyumbani kwetu unyevunyevu ukoje."

"Unyevunyevu wa nini? Wa nani?"

"Wa hewa, mama."

"Mwambie ni wa kawaida! Mwambie tunapumua!"

Nilikaa kwenye simu hiyo muda mrefu kuliko akili inavyoruhusu. Nikarudi jikoni, nikamkuta Zlatka anavaa koti.

"Nimekumalizia mkate, shoga, na sarafu nimeshatia. Kile kiplastiki chako kichafu nimekitupa motoni, kimeungua. Nenda kavae, una unga mpaka kwenye nyusi."

Miwani yangu nayo ilikuwa na unga. Nikaona rafuni kitambaa, nikaona juu yake kitu cha duara. Nikakunja kitambaa na kitu chake, nikatia ndani ya boksi jekundu, nikafunga, nikapeleka kabatini chumba cha ndani. Nikashusha pumzi.

Akina mama, msishushe pumzi kabla ya kufuta miwani.

Jioni wakafika. Mkwe Gencho alivaa ile kofia yangu, yaani yake, bado imebonyea mkao wangu. Kabla hata hajavua koti akatoa kijisaa cha kupimia unyevunyevu, akakiweka mezani kati ya pilipili zilizojazwa maharage na bakuli la matunda makavu yaliyochemshwa.

"Mvuke huu unatoka wapi?" akauliza.

"Kwenye majani ya mzabibu yenye wali, mkwe."

"Yasogezeni."

Krum akayasogeza. Mkwe akaangalia kijisaa tena. "Na boksi liko wapi?"

"Chumba cha ndani, kabatini. Mbali na mvuke."

Wasomaji, alitabasamu! Kwa mara ya kwanza niliyaona meno ya yule mtu. "Mbali na mvuke!" akamwambia mwanawe. "Umesikia, Plamen? Mama mkwe wako anajifunza." Ralitsa akanibinya mkono chini ya meza.

Tulikuwa sita. Mimi na Krum, Ralitsa na Plamen wake, Mkwe Gencho, na kwenye kiti cha heshima Bibi Tsona, mama yake Krum. Bibi Tsona haijawahi kupita dakika akanyamaza. Husema akiwa amelala. Meno yake ya bandia huyavua wakati wa kula, kwa sababu anasema yanamlia chakula chake.

"Mwaka huu sarafu ya mkate ni yangu," akaanza, hata ubani haujawaka. "Na sitaki mtu aniazime. Mwaka juzi niliipata, huyu mwanangu akaniambia, mama, niazime kidogo, akaiweka chini ya mguu wa meza isiyumbe. Mpaka leo bahati yangu imekanyagwa na meza!"

"Mama, meza haiyumbi tena," akasema Krum.

"Na mimi je? Mimi siyumbi?"

Mkwe Gencho akakohoa. Akatoa mfukoni glavu nyeupe za pamba na kikasha cha duara, kigumu, chenye kung'aa kama kioo.

"Mkwe, nina jambo la kukiri," akasema. "Ule mfuko laini niliokuletea ni adui. Plastiki ya namna ile hutoa jasho na kuila sarafu. Nilikuwa najua. Kama dubu ameanza ukijani, lawama ni yangu, si yako. Ndiyo maana nimeleta nyumba mpya. Tukishakula mkate nitamhamisha mwenyewe mbele yenu."

Nikamwongezea mkwe pilipili.

"Kumhamisha kwenyewe ni rahisi," akaendelea. "Kitambaa laini chini, asije akadondoka pagumu. Glavu. Unamshika kwa ukingo tu, kamwe si usoni. Husugui. Huoshi. Hata kumpumulia, humpumulii. Akitoka kwenye mfuko anaingia kwenye kikasha moja kwa moja, hapiti popote. Dubu si mgeni wa kuzungushwa nyumbani kuonyeshwa vyumba."

Mmesikia? Kama asubuhi ile ningejilalia tu kitandani kama mvivu, nikamwacha dubu na mafua yake, saa hii ningekuwa nashona gauni la harusi!

Lakini nikajipa moyo. Nikasema, Nedyalka, dubu yuko kabatini. Amekatiwa mfuko tu, na mfuko mwenyewe ameukataa mwenye sarafu. Utakiri, atanuna, atakula.

Simu ikalia.

Kwetu usiku wa mkesha mtu haruhusiwi kuinuka mezani mpaka chakula kiishe. Ukiinuka, kuku wataacha mayai yao bila kuyaatamia. Anayeruhusiwa ni mama mwenye nyumba peke yake, naye aende ameinama kama anayetafuta sindano. Basi nikaenda nimeinama mpaka ukumbini, nikainua simu.

"Shoga!" Alikuwa Zlatka. "Mkate mmeshaumega? Nani kaipata?"

"Bado. Kwani vipi?"

"Nina hamu tu. Maana nilikutilia ile nzuri."

"Ile nzuri ipi?"

"Ya dubu! Ile nyingine ilikuwa imechakaa, nikaona aibu mbele ya Mungu. Na mkweo vile anavyopenda sarafu, akimkuta dubu kwenye kipande chake, si atakurukia kwa furaha?"

Nikasimama wima kama mlingoti.

"Inama!" akapiga kelele Krum kutoka mezani.

"Kuku wangu!" akalia Bibi Tsona. "Mkamwana, kuku wangu! Unawaua wakiwa hai!"

Nikainama tena. Nikarudi mezani hivyohivyo, nikaukumbatia mkate.

"Haujaiva," nikasema. "Naurudisha tanurini."

"Umeiva," akasema Krum. "Nimeunusa."

"Umeiva juu, chini mbichi."

"Mama," akasema Ralitsa kwa sauti ndogo, "unaung'ang'ania mkate kama mtoto wa kwanza."

"Mwache Bibi aumege," akasema Mkwe Gencho. "Tuna kazi baada ya hapa."

Bibi Tsona akaninyang'anya mkate. Ana mikono ile ya zamani, ya kukamua ng'ombe. Akamega kipande cha kwanza, cha Mama wa Mungu. Akamega cha pili, cha nyumba. Hivyo viwili kwetu huwekwa chini ya picha takatifu na haviguswi mpaka asubuhi. Akanipa, nikavipeleka chumba cha ndani nimeinama, nikarudi nimeinama. Mgongo wangu ulikuwa unanitukana.

Kisha akajimegea chake kama mkubwa kuliko wote, akakitia kinywani kizima. Akamega cha Mkwe Gencho, cha Krum, changu, na vya watoto.

Nikawa nawatazama midomo kama daktari wa meno.

Krum akatafuna, akameza. Hamna kitu. Ralitsa akachambua kipande chake kwa vidole. Hamna kitu. Plamen, hamna. Changu nilikifikicha mpaka kikawa mchanga.

Mkwe Gencho akaacha kutafuna.

Akaganda. Akatia vidole viwili mdomoni, taratibu, akavuta kitu kigumu, cha duara.

Nikafumba macho.

"Kifungo," akasema Mkwe Gencho.

Kilikuwa kifungo cha aproni ya Zlatka, chekundu, na uzi wake.

"Baba, mwaka huu utapata koti jipya," akasema Plamen.

"Koti jipya nina haki nalo, lile la zamani liko ndani ya mbuzi."

Watu wakacheka. Hata Mkwe akacheka! Mama mkwe wangu peke yake hakusema neno, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba walau jambo moja usiku ule lilikuwa la amani.

"Basi sarafu imekwenda kwa Mama wa Mungu, au kwa nyumba," akasema Mkwe. Akavaa glavu, kidole kimoja kimoja. "Si vibaya. Mkwe, lete boksi."

"Hairuhusiwi kuinuka mezani!" nikasema haraka. "Kuku!"

"Wewe unaruhusiwa. Inama uende."

Nikainama, nikaenda.

Chumba cha ndani nilisimama mbele ya ile picha takatifu. Vipande viwili vya mkate vilikuwa pale, vimetulia.

"Mama wa Mungu," nikanong'ona, "na wewe ni mama. Nakukopa kipande chako, asubuhi nitakuokea mkate mzima."

Nikakipasua. Hakuna. Nikapasua cha nyumba. Hakuna! Nikafikicha makombo, nikapapasa sakafu, nikajipapasa kifuani. Dubu hayupo.

Mkate ulikuwa umekwisha wote. Vipande vyote vilikuwa vimeliwa na kupasuliwa, na dubu hayupo!

"Mama Ralitsa!" akaita Krum. "Umelala huko?"

Nikabeba boksi jekundu nikarudi, makombo ya Mama wa Mungu yamejaa kifuani. Mkwe alikuwa ameshatandika kitambaa laini. Kikasha kimefunguliwa, kinangoja. Akafungua boksi. Akaangalia.

"Mfuko uko wapi?"

Nikajipukuta makombo. Akafunua kitambaa changu. Akainua kilichokuwemo kwa vidole viwili vyeupe, kwa ukingo kabisa, akakileta kwenye taa.

"Hii ni stotinki," akasema. "Na imechemshwa."

Ralitsa akaanza kulia bila sauti, machozi yanadondokea kwenye pilipili. Nilipomwona hivyo, moyo ukapasuka, na maneno yote yakanitoka kwa mkupuo: pua ya kijani, Zlatka, mkasi wa kucha, rafu ya jikoni, mkate, miwani.

"Mfuko umeungua?" akauliza Mkwe.

"Umeungua."

"Na dubu ulimtoaje? Ulimshika wapi?"

"Mkwe, nisamehe."

"Wapi?"

"Usoni."

Akafumba macho. Kupotea kwa dubu alikuwa amekuvumilia. Hilo likamshinda.

"Vidole vitupu?"

"Vina unga."

Akavua glavu ya kushoto. Akaikunja. "Plamen," akasema, "vaa koti. Posa imekwisha."

Plamen hakujitikisa.

"Plamen!"

"Siwezi, baba," akasema yule kijana mpole asiye na neno na mtu. "Chakula hakijaisha. Hairuhusiwi kuinuka." Akachukua jani moja la mzabibu lenye wali, akalitafuna polepole sana. Akachukua la pili akampa Ralitsa. "Na mimi nina njaa ya mpaka Epifania."

Sijawahi kumpenda mtoto wa mtu kama nilivyompenda Plamen dakika ile.

"Basi nitainuka mimi!" akasema Mkwe Gencho, akakisukuma kiti nyuma, akaanza kusimama. Wima.

Bibi Tsona akapiga meza kwa kiganja, kijisaa cha unyevunyevu kikaruka.

"Kaa!" akapiga kelele. "Kuku!"

Ndipo sote tukagundua kwamba yule mwanamke alikuwa hajasema neno tangu alipoutia mkate kinywani. Na ndipo, alipopanua mdomo kuwaokoa kuku wake, tukaona ndani, kati ya shavu na ufizi, kitu kinang'aa. Kimesimama kwa miguu ya nyuma.

Bibi Tsona akafunga mdomo haraka.

"Mama," akasema Krum, "umeipata?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Mama, tumemwona!"

Akaelekeza kidole chini ya meza, kwenye ule mguu wenye bahati yake ya mwaka juzi, kisha akamtolea Krum macho. Tukaelewa. Hii haazimi mtu.

Mkwe Gencho alikuwa amepauka mpaka kwenye masikio. Akavaa tena ile glavu ya kushoto. Akainama, akazunguka meza ameinama kama mimi, kikasha mkononi, hata kuku hakuwavunjia heshima.

"Mama mpenzi," akasema kwa sauti ya mtu anayembembeleza punda kwenye daraja. "Usimeze. Usimlambe. Usimpumulie sana. Sikunyang'anyi. Dubu ni wa bibi harusi, na wewe nitakupa mwingine, mkubwa, wa kwako mwenyewe, na kikasha chake. Hakuna atakayemweka chini ya meza."

Bibi Tsona akainua nyusi. Akamwonyesha Ralitsa kwa kidevu.

"Ndiyo, ndiyo, na harusi ipo," akasema Mkwe. "Naapa mbele ya ubani huu. Dubu akitoka mzima, harusi ipo. Hata lile la usoni nalisamehe. Sasa fungua, taratibu, mwache aje mbele ya ulimi, nami nitamshika kwa ukingo."

Ralitsa akanishika mkono wa kushoto, Plamen akanishika wa kulia. Krum akaacha kutafuna. Bibi Tsona akatutazama mmoja mmoja, akaridhika, akanyoosha shingo, na midomo yake ikaanza kuachana. Nikaiona kucha ya dubu. Nikaona sikio.

Hapo ndipo kwikwi ilipomkamata.